Akifa Niletee Ngozi

Mwenye Bucha alikuwa na tabia ya kunusa viatu. Si vyake tu, hata vya watu. Ukiingia kwake pale Manundu, Korogwe mjini, umevaa kiatu kipya cha ngozi, angeweka kisu chini, afute mikono kwenye aproni na kukuomba ukivue. Angekigeuza, akikunje kidogo katikati, akisogeze puani kama mtu anayechagua nanasi, kisha akurudishie na kusema bila kucheka, "Huyu mbuzi nadhani namfahamu." Wateja walikuwa wanavunjika mbavu. Yeye alirudi kwenye nyama yake.

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Kila aliyemuuliza alipewa jibu lake, na majibu hayakulingana, nami niliacha kuuliza mapema. Jina alikuwa nalo, lakini Korogwe mjini na vijijini Handeni aliitwa Mwenye Bucha, na hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Alikuwa mrefu na mwembamba, hafanani hata kidogo na mtu anayeshinda na minofu. Ijumaa alivaa kanzu. Siku nyingine alivaa shati jeupe, na mpaka leo sijui alifanyaje damu isiliguse. Viatu vyake viling'aa daima, na alivinunua Tanga kwa bei ambayo mkewe hakuwa anaambiwa.

Mbele ilikuwa bucha. Nyuma kulikuwa na banda la ngozi, na ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa huko nyuma. Ngozi za mbuzi na ng'ombe zilikuwa zimewambwa kwenye fremu za miti, nyingine zimelala kwenye chumvi ndani ya mapipa ya mbao. Zikishakauka zilifungwa mitumba na kupandishwa treni, bila kusindikwa, kwenda Tanga na kutoka huko kwenda asikokujua. Jambo hilo lilimkera kwa namna ya pekee. Alikuwa anasema sisi tunawapelekea ngozi, wao wanaturudishia viatu, na utajiri wote umebaki hapo katikati, baharini. Akishasema hivyo alikitazama kiatu chake alichokinunua kwa bei ya kuua, na ungeshindwa kujua kama anakipenda au ana ugomvi nacho.

Kwenye mizani alikuwa bahili wa kutupwa. Alikupimia nusu kilo mpaka mshale ukasimama wima, na kipande kikizidi kidogo alikikata mbele ya macho yako bila haya. Mama mmoja wa pale Manundu, jirani yake tangu kabla ya Uhuru, alimwambia siku moja kwamba yeye Mwenye Bucha akifa atadai apimwe kabla ya kuvishwa sanda. Alijibu kwamba ni haki yake. Ungemwona pale mizanini ungeapa kwamba mtu huyu hajawahi kumpa mtu kitu maishani. Na mtu huyohuyo alikuwa anagawa mbuzi wazima, wenye mimba, kwa watu ambao wengine aliwaona mara ya kwanza wiki hiyo.

Hapo lazima nieleze. Huku kwetu ni desturi ya zamani mwenye mbuzi wengi kumpa mwingine mbuzi jike amtunze. Akizaa, mzaliwa wa kwanza anarudi kwa mwenyewe, na wanaofuata mnagawana kama mlivyopatana. Akifa hakuna kulipa. Unapeleka ngozi, mwenyewe anaitazama, anaona ni kweli mbuzi amekufa na hukumla kwa siri, mnapeana pole, basi. Hasara ni ya wote wawili. Watu wamefanya hivyo vizazi na vizazi na hakuna aliyeona ajabu.

Yeye aliichukua desturi hiyo akaitoa zizini. Alimpa mbuzi mtu yeyote aliyetaka kuanzisha jambo ambalo watu walilihitaji na hakuna aliyekuwa analifanya. Mbuzi ukitaka umkamue, ukitaka umbadilishe, ukitaka umuuze, shauri lako. Pesa hakutoa. Alisema pesa ikizaa ni riba, na riba haitaingia nyumbani kwake hata kwa dirisha, lakini mbuzi Mungu mwenyewe amemruhusu kuzaa. Halafu alikwambia masharti yake, ambayo hayakubadilika hata neno moja miaka yote niliyomjua: "Akizaa, wa kwanza ni wangu. Akifa, niletee ngozi."

Mzaliwa wa kwanza hakuwa lazima mbuzi. Fundi baiskeli wa Mnyuzi alipewa mbuzi miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, wakati walimu na wakunga walikuwa wanasukuma baiskeli mbovu mpaka Korogwe mjini kwa kukosa mtu wa kuziba pancha. Alipofundisha kijana wake wa kwanza mpaka akaiva, Mwenye Bucha akaja kumchukua, akampeleka Kerenge afungue kibanda huko. Fundi alinuna mwezi mzima. Kulikuwa pia na mama mmoja Msambaa, Mkristo, aliyeshuka kutoka milimani akaanza kulea watoto wa wanawake waliokata mkonge, kwa sababu wengine walikuwa wanawafungia watoto ndani kutwa. Binti wa kwanza aliyemfunza kazi hiyo naye alichukuliwa, akapelekwa kambi nyingine. Ndivyo alivyokula faida yake. Aliitoa tumboni kwa huyu akaipanda kwa yule, naye akabaki kwenye bucha yake anagombania mfupa.

Namna alivyochagua watu ilikuwa ya kuchekesha. Siku ya gulio, bucha imejaa, angekukabidhi kamba ya mbuzi na kusema mshike kidogo, narudi. Asingerudi mpaka adhuhuri. Kumbe yuko banda la nyuma anachungulia penye ufa. Wenyeji wa Manundu walilijua hilo, na ungewaona wanakaa kwenye veranda za jirani kumtazama mgeni anavyohangaika. Mimi nilimweka mbuzi kivulini, nikasimama mwenyewe juani, nikanuna, maana ni mtu wa hasira na sipendi kusubirishwa. Nilidhani hiyo ndiyo siri ya mtihani, mpaka nilipokuja kuambiwa kwamba fundi baiskeli alimfunga mbuzi kwenye mguu wa meza ya nyama akaenda kunywa chai, na aliporudi kusubiri mbuzi alikuwa amekula magazeti yote ya kufungia nyama. Naye alipewa. Nilimuuliza Mwenye Bucha mwenyewe mtihani ulikuwa wa nini basi. Akasema hakuwa anamtazama mtu anavyomfanyia mbuzi, alikuwa anatazama kama mtu bado yupo.

Swali lake lilikuwa moja tu, na aliliuliza mwishoni, kamba ikiwa tayari mkononi mwako. Hakuuliza utafanya nini ukifanikiwa. Alisema kila mtu ana hadithi nzuri ya kufanikiwa. Aliuliza ukishindwa utafanya nini kesho yake asubuhi. Waliojibu kwamba hawatashindwa aliwanyang'anya kamba.

Sasa nije kwangu. Nilizaliwa kambi ya mkonge karibu na Mnyuzi, na baba yangu alikuwa mwashi wa shamba. Hakujaliwa mtoto wa kiume aliyependa udongo, kwa hiyo aliyemchanganyia mchanga na kumshikia timazi ni mimi. Nimepanda ngazi nikiwa na kanga kiunoni kabla sijajua kupika ugali ukaiva. Niliolewa Handeni, na baada ya miaka michache serikali ikatuhamisha sisi na wenzetu wote kwenda kijiji kipya kando ya barabara. Tulipewa viwanja vilivyonyooka, shule ya mabati, na ghala la mabati. Maji hatukupewa. Visima vyetu vilibaki kule tulikotoka. Kiangazi wanawake tulitoka alfajiri kwenda kufukua mchanga kwenye korongo, tunasubiri maji yajikusanye, tunachota kwa kata, na aliyechelewa anarudi na tope.

Watu wakaanza kurudi walikotoka, kaya moja moja. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, alinitangazia kwamba kiangazi kingine hakitamkuta pale, na kwamba mwanawe atakwenda naye, na mimi nichague. Alikuwa na haki. Lakini pale kulikuwa na shule, na binti zangu wawili walikuwa wanasoma, na kule kwenye mji wa zamani hakuna shule. Nikisema nilichokitaka nitasema hivyo tu: nilitaka binti zangu wabaki darasani, na bila maji wasingebaki.

Nilikuwa natazama mvua inavyomwagika kutoka kwenye bati la shule, inachimba shimo na kupotea. Baba aliwahi kujenga matangi shambani. Nikawaambia wanawake wenzangu tujenge tangi la matofali ya kuchoma, tukinge maji ya paa. Walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaniuliza saruji tutaitoa wapi. Nikapanda lori kwenda Korogwe kumtafuta Mwenye Bucha, nikashikishwa kamba, nikanuna juani, na swali likaja. Nilimjibu kwamba nikishindwa, kesho yake asubuhi nitakwenda kufukua mchanga kama kawaida, kwa sababu hata walioshindwa wanakunywa. Alifungua kamba ya pili. Akasema chukua na huyu mwingine.

Mbuzi mmoja nilimbadilisha kwa saruji kwa mkandarasi aliyekuwa anamalizia jengo pale mjini. Wa pili nilikwenda naye. Wanawake walifyatua matofali, wakayachoma wenyewe, tukapandisha tangi kando ya darasa, refu kuliko mimi, nikalipiga lipu ndani na nje mpaka likateleza. Siku mvua ya vuli ilipofika tulisimama wote chini ya mabati tunasikiliza maji yanavyoingia. Likajaa, na watu wakaimba. Mchana wa siku ya pili, watoto wakiwa darasani, likapasuka kutoka juu hadi chini, maji yote yakatoka kwa mkupuo mmoja, yakapita uwanjani, yakaondoka. Hakuna aliyeumia. Mama mkwe alikuwepo. Aligeuka, akaenda nyumbani kufunga vyombo.

Niliokota kipande cha ukuta, chenye tofali na lipu, nikakifunga kwenye kanga. Ndiyo ilikuwa ngozi yangu. Sikuwa na nyingine ya kumpelekea, na masharti ni masharti. Njiani nililia, tena si kwa huzuni. Nililia kwa hasira.

Kabla sijasema alichofanya, mjue alivyokuwa na ngozi. Ngozi kwake ilikuwa inasema. Mbuzi aliyekufa kwa maradhi damu inabaki mwilini, na ngozi yake kwa ndani ni nyeusi-nyeusi. Aliyechinjwa inatoka nyeupe. Aliyekamatwa na chui ina matundu mahali pake. Bwana mmoja alimletea ngozi akasema mbuzi kafa kwa kikohozi. Mwenye Bucha aliigeuza, nyeupe pe, akampa pole, akaiwamba mbele ya bucha upande mweupe ukitazama barabara. Hakumwambia mtu neno. Lakini Manundu nzima inajua ngozi, na yule bwana akawa anasafiri mpaka Mombo kununua nyama. Mwingine alifika na ngozi nyeupe vilevile, akasema kabla hajaulizwa kwamba watoto walikuwa na njaa na alimchinja. Huyo alirudi kwake na mbuzi mwingine. Kwa hiyo nilijua kwamba hapo hakuna kujitetea, na nilikuwa nimejiandaa kupewa pole na kuondoka.

Alikipokea kipande changu kwa mikono miwili. Akakaa nacho kwenye kigoda banda la nyuma, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akakigonga kwa kisu, akakinusa. Mimi nilisimama. Akauliza lilipasuka likiwa na maji kiasi gani, nikamwambia limejaa. Akauliza kama lilianza kuvuja kwanza, nikamwambia hapana, lilikuwa kavu kwa nje mpaka lilipopasuka.

"Basi huyu hakufa kwa maradhi, binti wa fundi," akasema. "Ngozi nzima. Huyu amepasuka tumbo. Alikula majani mabichi akavimba na hakuna aliyemfunga. Pole siwezi kukupa."

Nilimwambia kwa sauti ya juu kuliko ilivyostahili kwamba tangi si mbuzi na halifungwi. Alitaka kuinuka, akashika ukingo wa pipa la chumvi lililokuwa karibu naye ili ajiinue, na macho yangu yakamfuata mkono. Lilikuwa pipa la mbao, kuukuu, limejaa chumvi na ngozi hadi juu, na vipande vyake vya mbao vilikuwa vimeachana kiasi cha kupitisha kidole. Kilichokuwa kinalishikilia ni pete za chuma. Nililitazama pipa lile kana kwamba ndiyo nimefunguliwa macho siku hiyo. Na papo hapo nikaona kambi ya mkonge, nyaya zile ndefu za kuanikia singa za mkonge, na rundo la nyaya kuukuu nyuma ya karakana ambazo baba alikuwa anazifungia kila kitu, kuanzia uzio hadi mlango wa choo.

Sikukaa hata kunywa maji. Yeye alinifuata mpaka mlangoni na kamba ya mbuzi mwingine mkononi. Nikamwambia mbuzi wa pili bado ninaye. Akasema yule ni wa tangi la kwanza, huyu ni wa pasuko. Halafu akaniachia kamba, akarudi mizanini, na nilipokuwa natoka nilimsikia anamkatia mteja kipande kilichozidi.

Baba alinipatia nyaya kwa kumwomba msimamizi wa shamba, akaja nazo mwenyewe mpaka kijijini, mzee yule. Mbuzi wa pasuko nilimbadilisha kwa saruji, tukajenga tena juu ya msingi uleule. Safari hii tulilizungushia tangi waya, mzunguko juu ya mzunguko, karibu karibu chini ambako maji husukuma zaidi, kisha nikapiga lipu juu yake. Wanawake walioanza kufunga vyombo walikuja kushika ncha za waya. Mama mkwe alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake na mizigo yake imefungwa, anatazama. Mvua ya masika ikaja. Tangi likajaa. Siku ya pili likasimama. Siku ya tatu nikalipiga kofi, likaitika kwa sauti nzito ya kushiba. Wiki ikapita. Kiangazi kilipoingia tulikuwa tunafungua bomba, na mama mkwe aliteka ndoo yake ya kwanza, akaionja, akaniambia ina ladha ya bati. Kisha akaenda kufungua mizigo. Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo, na nimesifiwa na viongozi jukwaani.

Kaya zilizoondoka zikarudi. Binti zangu walimaliza shule, wote wawili, na mmoja anafundisha mpaka leo. Wanawake tuliojenga tangi lile tukawa kikundi, tukaitwa kijiji cha jirani, halafu kingine, halafu ng'ambo kule Korogwe, Kerenge na Mnyuzi kwenyewe nilikotoka. Nilipiga lipu kwenye ukuta wa shule niliyosoma mimi. Acheni nijisifu, nimeistahili.

Wakati huohuo Mwenye Bucha alikuwa anaitwa mnyonyaji. Ilikuwa ndiyo lugha ya siku zile, na kila mwenye mizani alikuwa mtuhumiwa. Kwenye mkutano mmoja wa hadhara pale mjini katibu fulani alimsema waziwazi, mtu anayenenepa kwa jasho la wananchi. Watu waligeuka kumtafuta mnene huyo na kumwona yeye, mwembamba kama mti wa fremu zake, anapiga makofi. Nilikasirika, nikanyoosha mkono nizungumze, akanivuta kanga nikae. Baadaye alinieleza kwamba Ujamaa wenyewe anaupenda, ni sawa kabisa na mbuzi wa kutunziana, ila wenye kuueleza wanasahau habari ya ngozi. Wao mambo yao hayafi. Mradi ukishindwa wanasema unaendelea vizuri, na mtu asiyeonyesha ngozi hawezi kupewa mbuzi mwingine. Yule katibu alipokuja kununua nyama wiki hiyo alipimiwa sawasawa, mshale wima, lakini mifupa aliyopewa ningeweza kujengea msingi.

Jambo moja lilinisumbua. Mwenye Bucha hakuja kumchukua mzaliwa wangu wa kwanza. Kila nilipojenga tangi jipya nilikwenda kumwambia achague mahali, lijengwe kwa jina lake, nimalize deni. Alinijibu mwache kwanza anyonye. Mwaka ukapita, ikawa mwache anyonye. Nilimwambia mtoto gani huyu wa kunyonya miaka yote, ana ndevu. Akasema wapo wa namna hiyo. Fundi baiskeli alinitania kwamba Mwenye Bucha ameshaona matangi yangu hayana thamani, na ingawa nilijua ni utani, lilinikaa rohoni. Wengine wote alikuwa amewadai. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki na kitu chake.

Alizeeka. Bucha ikaenda kwa mwanawe, ambaye alikuwa mkarimu mizanini na kwa hiyo karibu afilisike. Magoti yakamsaliti. Nikasikia hatoki tena Manundu.

Halafu siku moja, jua limeshapanda, lori lilisimama mbele ya nyumba yangu Handeni na akashushwa yeye. Shati jeupe, fimbo, viatu vinang'aa kupita vumbi lote la barabara. Nilimwamkia, nikamkalisha, akakataa chai. Akasema anaona yule mtoto wangu sasa ameacha kunyonya, na amekuja kumchukua.

Nikamuuliza tangi analitaka wapi. Akasema Manundu, nyuma ya bucha, tena si refu, ni fupi na pana, na si moja, ni manne yanayofuatana, na hayatakuwa ya kunywa. Akaanza kuyachora kwa fimbo kwenye ua wangu. La kwanza la kuosha ngozi. La pili la chokaa, nywele zitoke. La tatu na la nne la maji ya magome ya miti ya muwati kutoka milimani kwa Wasambaa, ngozi ilale humo mpaka iive. Vijana watano wa Manundu wasio na kazi wameshakubali. Fundi viatu yupo. Alichora haraka, na sauti yake ikawa ya mtu wa nusu ya umri wake. Nilikuwa nimemjua miaka yote hiyo na ndiyo mara ya kwanza nilimwona anaomba kitu. Nilielewa ghafla kwa nini alikuwa ananusa viatu vya watu.

"Miaka yote hii, Mzee," nikamwambia. "Mbona hukuanza zamani?"

"Mimi hakuna aliyewahi kunipa mbuzi," akasema.

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, nami nikalazimika kutazama pembeni. Kisha akasema matangi ni deni langu na atayapokea kama deni. Lakini yeye hakuja kwa deni tu, alikuja kuomba pia. Anataka mbuzi, mwenye mimba, kwa masharti yaleyale.

Nilikuwa na zizi langu wakati huo. Nilimleta mmoja, nikamkabidhi kamba mkononi, nikasema mshike kidogo, narudi. Nikaingia ndani. Nilikaa jikoni nikachemsha chai aliyoikataa, nikapepeta mchele ambao haukuhitaji kupepetwa, na nilipochungulia dirishani alikuwa amemfunga mbuzi kwenye kivuli cha tangi langu, na yeye amesimama juani kwa magoti yale, ameegemea fimbo, anatabasamu upande wa dirisha. Alijua pa kutazama. Nilimwacha hivyo kidogo tena. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nilipotoka nilijifuta mikono kwenye kanga nikasimama mbele yake.

"Ukishindwa, Mzee, utafanya nini kesho yake asubuhi?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Nitakuletea ngozi," akasema. "Ila safari hii utaikuta laini."

Tulimpandisha lorini yeye na mbuzi, na wiki iliyofuata nilikuwa Manundu na kikundi changu, tunafukua msingi nyuma ya bucha. Matangi yale manne niliyafunga waya kuliko yote niliyopata kujenga. La tatu lilipojazwa maji ya muwati, mekundu kama chai ya rangi, alikaa kwenye kigoda kando yake na hakuna aliyeweza kumwondoa.

Yule mbuzi alizaa mara kadhaa kule, akazeeka. Siku moja Mwenye Bucha alikuja tena, kwa lori lilelile, na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na viatu vya kike, vyeusi, vya mguu wangu, na sijui mguu wangu aliupima lini. Aliniambia masharti ni masharti, ameniletea ngozi. Akanisubiri, mikono juu ya fimbo. Nikakichukua kimoja, nikakigeuza, nikakikunja katikati, nikakisogeza puani.

"Huyu mbuzi," nikamwambia, "namfahamu."